Namna ya Kuichambua Namba Kubwa kwa Karatasi na Kikokotoo: Mfano wa 33,550,336

Mtu akipewa namba yenye tarakimu nane na kuulizwa ni namba ya aina gani, mara nyingi hujibu kwamba ni shufwa au ni witiri, kisha anakwama. Anakwama kwa sababu anatafuta majina kabla ya kuivunja. Tabia za namba nzima, hata iwe kubwa kiasi gani, zimo ndani ya vigawo vyake tasa. Vipate hivyo kwanza. Baada ya hapo, kama namba ni kamilifu au pungufu, kama ni mraba, kama ni ya pembetatu, yote hayo yanajibika kwa mistari michache ya hesabu.

Shuleni vigawo tasa hufundishwa kwa ajili ya kutafuta KDS na KKS, na mtihani ukishapita wengi hawavigusi tena. Ni hasara, maana hakuna chombo chenye nguvu kuliko hicho katika elimu ya namba, na kukitumia hakuhitaji zaidi ya kujua kugawanya.

Tutafuata namba moja tangu mwanzo hadi mwisho: 33,550,336, yaani milioni thelathini na tatu, laki tano na elfu hamsini, mia tatu thelathini na sita. Inaenea kwenye kikokotoo cha kawaida cha dukani chenye nafasi nane, na ni namba iliyowashughulisha watu kwa karne nyingi, kama utakavyoona. Andaa karatasi, kalamu na kikokotoo.

Hatua ya 1: Zisome tarakimu kabla ya kugusa kikokotoo

Anza mwisho wa namba. Tarakimu ya mwisho ni 6, kwa hiyo namba ni shufwa na haigawanyiki kwa 5 wala kwa 10. Tarakimu mbili za mwisho, 36, zinagawanyika kwa 4, hivyo namba nzima inagawanyika kwa 4. Tatu za mwisho, 336, zinagawanyika kwa 8. Nne za mwisho ni 0336, nazo zinagawanyika kwa 16, maana 16 × 21 = 336. Ukiona hivi ujue 2 zimejaa humo ndani.

Sasa jumlisha tarakimu zote: 3 + 3 + 5 + 5 + 0 + 3 + 3 + 6 = 28. Hiyo 28 haigawanyiki kwa 3, basi na namba yetu haigawanyiki kwa 3 wala kwa 9. Ukiigawa kwa 9 linabaki 1. Liandike pembeni baki hilo, tutalihitaji.

Kwa 7, 11 na 13 iko njia moja inayozipima zote tatu kwa mpigo, na inasikitisha kwamba haifundishwi sana. Msingi wake ni kwamba 7 × 11 × 13 = 1001. Kata namba katika mafungu ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia: 336, 550, 33. Kisha toa na kujumlisha kwa zamu:

336 − 550 + 33 = −181

Baki la −181 ndilo baki la namba nzima kwa 7, kwa 11 na kwa 13. Sasa 182 ni 7 × 26 na pia ni 13 × 14, na −181 imezidi −182 kwa 1 tu. Kwa hiyo baki ni 1 kwa 7, na ni 1 kwa 13. Kwa 11, kigawe kilicho karibu upande wa chini ni −187, basi baki ni 6. Zote tatu zimekataa. Tumeziondoa 3, 5, 7, 11 na 13 bila kugawanya namba ndefu hata mara moja.

Hatua ya 2: Igawe kwa 2 mpaka ikatae

Hapa hakuna ujanja, ni kazi ya mkono tu:

33,550,336 → 16,775,168 → 8,387,584 → 4,193,792 → 2,096,896 → 1,048,448 → 524,224 → 262,112 → 131,056 → 65,528 → 32,764 → 16,382 → 8,191

Hesabu mishale. Ni 12. Imebaki 8,191 ambayo ni witiri, kwa hiyo 2 zimekwisha. Kwa sasa tunajua kwamba 33,550,336 = 2¹² × 8191.

Hatua ya 3: Pima kama kilichobaki ni namba tasa

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na ndipo watu wanapoharakisha. Huwezi kusema 8191 ni tasa kwa sababu tu inaonekana hivyo. 2047 nayo inaonekana hivyo, na si tasa.

Njia ya kawaida ni hii. Tafuta kipeuo cha pili cha 8191, ambacho ni kama 90.5. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, kwa hiyo unatakiwa kujaribu namba tasa zote kuanzia 2 hadi 89. Ziko 24. Inawezekana kabisa kuzimaliza.

Lakini kabla ya kuanza, iangalie 8191 vizuri. Ni 8192 kasoro 1, na 8192 ni 2¹³. Namba za namna hii, 2 kwa kipeo fulani kasoro 1, zinaitwa namba za Mersenne, kwa jina la padre wa Kifaransa Marin Mersenne aliyeziandikia katika karne ya 17. Zina sheria inayokupunguzia kazi sana, nami nitaieleza ilivyo kwa sababu ukiielewa hutaisahau.

Tuseme kuna namba tasa q inayoigawa 8191 bila baki. Basi 2¹³ ukiigawa kwa q linabaki 1. Maana yake ni kwamba ukiorodhesha mabaki ya 2, 2², 2³ na kuendelea, kila ukigawa kwa q, orodha inarudi ilikoanza kila baada ya hatua 13. Haiwezi kurudi mapema zaidi, kwa sababu 13 ni tasa na mzunguko mfupi ungelazimika kuigawa 13. Pierre de Fermat alikwisha kuonyesha kwamba 2 kwa kipeo cha q − 1 nayo huacha baki 1. Basi q − 1 lazima iwe kigawe cha 13. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa, kwa hiyo ni kigawe cha 26.

Kumbe q lazima iwe 26 + 1, au 52 + 1, au 78 + 1, na kuendelea hivyo. Chini ya 90.5 tunazo 27, 53 na 79 tu. 27 si tasa. Zimebaki mbili! Kazi ya migawanyo 24 imekuwa kazi ya miwili.

Kupata baki kwa kikokotoo, gawa kwanza, chukua namba nzima iliyo kabla ya nukta, izidishe tena, kisha utoe. 8191 ÷ 53 inaleta 154 na nukta; 154 × 53 = 8162; 8191 − 8162 = 29. Kuna baki. 8191 ÷ 79 inaleta 103 na nukta; 103 × 79 = 8137; 8191 − 8137 = 54. Kuna baki tena. Kwa hiyo 8191 ni namba tasa, na uchambuzi wetu umekamilika: 2¹² × 8191, basi.

Hatua ya 4: Hesabu vigawo

Chukua kila kipeo, ongeza 1, kisha zidisha. Kipeo cha 2 ni 12, kipeo cha 8191 ni 1: 13 × 2 = 26. Namba hii ina vigawo 26, ukijumlisha 1 na yenyewe. Viandike kwa safu mbili:

1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256, 512, 1024, 2048, 4096

8191, 16382, 32764, 65528, 131056, 262112, 524224, 1048448, 2096896, 4193792, 8387584, 16775168, 33550336

Safu ya pili ni ile ya kwanza iliyozidishwa kwa 8191. Pia ni zile namba za hatua ya 2, zikisomwa kinyumenyume.

Hatua ya 5: Jumlisha vigawo na upime kama namba ni pungufu, kamilifu au ya ziada

Mgawanyo huu wa aina tatu ni wa kale. Nicomachus wa Gerasa, mji ambao leo ni Jerash nchini Jordan, aliuandika karibu na mwaka 100. Unajumlisha vigawo vyote vya namba isipokuwa yenyewe. Jumla ikiwa chini ya namba, namba ni pungufu. Ikizidi, namba ni ya ziada. Ikilingana nayo sawasawa, ni namba kamilifu.

Safu ya kwanza: 1 + 2 + 4 + … + 4096 = 8191. Safu ya pili ni hiyohiyo mara 8191, yaani 8191 × 8191 = 67,092,481. Jumla ya vyote 26:

8,191 + 67,092,481 = 67,100,672

Sasa toa namba yenyewe: 67,100,672 − 33,550,336 = 33,550,336.

Imerudi yenyewe. 33,550,336 ni namba kamilifu, ya tano tangu mwanzo. Zilizotangulia ni 6, 28, 496 na 8128. Ndiyo maana niliichagua, na ndiyo maana jumla ya tarakimu zake kuwa 28, ambayo nayo ni kamilifu, hunifurahisha kila nikiiandika, ingawa hiyo ni sadfa tu. Lile baki la 1 kwa 9 si sadfa: kila namba kamilifu iliyo shufwa, isipokuwa 6, huacha baki 1 ukiigawa kwa 9.

Tazama pia kilichosababisha. Safu ya kwanza ilijumlika kuwa 8191, namba ileile tasa iliyokuwa imebaki. Hiyo ndiyo kanuni ya Euclid, iliyomo katika kitabu cha tisa cha kazi yake ya karibu mwaka 300 kabla ya Kristo: jumlisha 1 + 2 + 4 na kuendelea kwa kuongeza maradufu, jumla ikitokea kuwa tasa, izidishe kwa namba ya mwisho uliyojumlisha, utapata namba kamilifu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965, alijaribu kuonyesha kwamba namba kamilifu zote zilizo shufwa zina umbo hilo. Uthibitisho kamili ulikuja karne ya 18 kwa Leonhard Euler.

Wagiriki waliandika nne za kwanza, wakaishia hapo. Nicomachus akaona kwamba ya kwanza ina tarakimu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne nne, akachukulia kwamba mpango utaendelea hivyo, na kwamba zitaishia kwa 6 na 8 kwa zamu. Namba yetu inaupindua mpango wa kwanza: ni ya tano lakini ina tarakimu nane. Ya sita, 8,589,869,056, inaupindua wa pili, maana inaishia kwa 6 baada ya hii ambayo nayo imeishia kwa 6. Katika karne ya 13 Ismail ibn Fallus aliandika risala kwa Kiarabu juu ya kazi hiyo ya Nicomachus, akaorodhesha namba kumi alizoziona kamilifu. Saba za kwanza ni sahihi kabisa, na ya tano yake ni hii yetu. Ulaya iliiandika baadaye, katika karne ya 15.

Hatua ya 6: Tafuta maumbo yake

Kwanza mraba. Vipeo vya vigawo tasa ni 12 na 1. Ili namba iwe mraba, vipeo vyote lazima viwe shufwa. Hapa 1 ni witiri, kwa hiyo si mraba, na hakuna haja ya kubonyeza kipeuo.

Kisha pembetatu, yaani kama namba inatokana na kujumlisha 1 + 2 + 3 hadi namba fulani. Izidishe kwa 2, upate 67,100,672, kisha bonyeza kipeuo cha pili. Kikokotoo kitaonyesha 8191.4999. Chukua namba mbili nzima zilizoizunguka, 8191 na 8192, uzizidishe. Zikirudisha 67,100,672, namba yako ni ya pembetatu. Zinarudisha. Basi ukijumlisha namba zote kuanzia 1 hadi 8191 unapata 33,550,336.

Lipo umbo jingine ambalo naliona zuri kuliko hayo. Jumlisha vipeo vya tatu vya namba witiri: 1³ + 3³ + 5³ + 7³ na kuendelea. Ukifika 127³ utakuwa umejumlisha namba 64, na jumla ni 33,550,336. Kanuni yake ni kwamba namba witiri m za kwanza zikipandishwa kipeo cha tatu hujumlika kuwa m² × (2m² − 1). Weka m = 64: 4096 × 8191.

Na ukiiandika kwa 0 na 1 kama kompyuta inavyofanya, utaona umbo lake waziwazi: 1111111111111000000000000, yaani 1 kumi na tatu zikifuatwa na 0 kumi na mbili.

Hatua ya 7: Jaribu kuijenga kwa miraba

Joseph-Louis Lagrange alithibitisha mwaka 1770 kwamba kila namba nzima chanya ni jumla ya miraba isiyozidi minne. Baadaye Adrien-Marie Legendre akaonyesha zipi haziwezi kutosheka na mitatu. Kipimo chake ni chepesi ukiwa na vigawo tasa: ondoa 4 zote, kisha gawa kilichobaki kwa 8. Baki likiwa 7, namba inahitaji miraba minne kamili.

2¹² ni 4 mara sita, kwa hiyo 4 zote zikiondoka inabaki 8191. 8 × 1023 = 8184, na baki ni 7. Namba yetu ni miongoni mwa zile zinazodai miraba minne.

Ipate hivi. Mraba mkubwa kuliko yote usiozidi 8191 ni 90², yaani 8100. Inabaki 91, ambayo ni 81 + 9 + 1. Kwa hiyo 8191 = 90² + 9² + 3² + 1². Sasa rudisha ile 4096 uliyoiondoa; kwa kuwa 4096 = 64², zidisha kila namba kwa 64:

5760² + 576² + 192² + 64² = 33,177,600 + 331,776 + 36,864 + 4,096 = 33,550,336

Hatua ya 8: Hesabu namba zisizoshirikiana nayo

Hapa unauliza: kuanzia 1 hadi 33,550,336, ni namba ngapi zisizo na kigawo cha pamoja nayo zaidi ya 1? Ondoa shufwa zote, yaani nusu, zinabaki 16,775,168. Kati ya hizo ondoa vigawe witiri vya 8191, ambavyo ni 2048. Jibu ni 16,773,120.

Hatua ya 9: Jipime kwa namba inayodanganya

Usiridhike mpaka utumie njia hizi kwa namba inayofanana na kamilifu ilhali si kamilifu. Chukua 2,096,128. Ukiigawa kwa 2 mara kumi inabaki 2047, ambayo ni 2¹¹ − 1. Umbo ni lilelile la Euclid, na aliye na haraka ataiita kamilifu.

Tumia sheria ya hatua ya 3. Kipeo sasa ni 11, kwa hiyo vigawo tasa vya 2047 lazima vizidi vigawe vya 22 kwa 1. Cha kwanza ni 23, na 23 × 89 = 2047. Kwa hiyo 2047 si tasa. Mwaka 1536 Hudalrichus Regius aliuchapisha uchambuzi huohuo, na ndio unaoeleza kwa nini kati ya 8128 na 33,550,336 hakuna namba kamilifu nyingine.

Basi 2,096,128 ni nini? Vigawo vyake tasa ni 2¹⁰ × 23 × 89. Jumla ya vigawo vyote ni 2047 × 24 × 90 = 4,421,520. Toa yenyewe, inabaki 2,325,392, ambayo inaizidi namba kwa 229,264. Ni namba ya ziada.

Njia hizi ni zilezile hata namba zikiwa kubwa mno. Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ya Mersenne ya 52 kujulikana, 2 kwa kipeo cha 136,279,841 kasoro 1, yenye tarakimu 41,024,320. Izidishe kwa 2 kwa kipeo cha 136,279,840, upate namba kamilifu. Ama namba kamilifu iliyo witiri, hakuna aliyewahi kuiona. Pascal Ochem na Michaël Rao walionyesha mwaka 2012 kwamba kama ipo, inazidi 1 yenye sifuri 1500 nyuma yake.

Kwa mazoezi ifanyie kazi 8,589,869,056. Kikokotoo cha nafasi nane hakitaienea, kwa hiyo mgawanyo wa 2 ufanye kwa mkono mpaka ufike 131,071, ambayo ni 2¹⁷ − 1. Kipeuo chake cha pili ni 362 na kidogo, na vigawo tasa vinavyoruhusiwa lazima vizidi vigawe vya 34 kwa 1. Utabakiwa na vinne tu vya kujaribu: 103, 137, 239 na 307. Mabaki yakiwa 55, 99, 99 na 289, umepatia, endelea na hatua ya 4.